Filta ya Pili

Kabla ya kugusa kitu, Inspekta Gertruda aliomba gazeti la zamani. Koplo Valentino alilitandaza juu ya meza ya kituo kidogo cha polisi cha Kihagara, akalinyoosha kwa viganja, taratibu, kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa. Juu yake wakaweka filta mbili za dizeli, kila moja ndani ya kikombe chake cha chuma chenye bakuli la kioo chini. Walikuwa wamezifungua asubuhi ile kwenye injini ya boti la tanga la parokia, pale lilipolala ubavu kati ya miamba, mlingoti umevunjika na tanga limechanika vipandevipande.

"Usizichanganye," alisema Gertruda.

"Nimefunga uzi mwekundu kwenye ile ya pili, afande."

"Umefanya vizuri, baba."

Nje ya dirisha watu walikuwa wameanza kukusanyika tena. Hawakupiga kelele, na huo ukimya ndio uliomtia Gertruda wasiwasi. Mbele yao alikaa Mama Lusia kwenye kigoda alicholetewa na jirani, bado amevaa nguo nyeusi za msiba wa mama yake, waliyemzika juma lililopita. Kabla nguo hizo hazijavuliwa, ziwa lilimchukua binti yake pia. Edina alikuwa na mimba pevu, anapelekwa Mbamba Bay kusubiri kujifungua karibu na hospitali. Injini ilizima katikati ya upepo mkali wa mwera, boti likasukumwa miambani. Blasius, nahodha, alitoka na mguu uliovunjika. Abiria wengine walitoka wakitetemeka. Edina hakuonekana, na boti za wavuvi zilikuwa bado zinamtafuta.

Simu ililia. Alikuwa mkuu wa upelelezi, kutoka Mbinga.

"Umefikia wapi, Mama Gertruda?"

"Fundi Norbert yumo mahabusu, mkuu. Lakini sijaridhika."

"Watu walimsikia akimtishia nahodha. Filta zote mbili alifunga yeye, na zote mbili zimegoma safari moja. Unataka nini tena? Kesho asubuhi gari linakuja kumchukua, anasomewa shtaka la mauaji."

"Nipe siku mbili."

"Wananchi wakivunja mlango wa kituo hicho usiku wa leo, hizo siku mbili utampa nani?"

Gertruda aliweka simu mezani, akamwambia Valentino amwite Pankras.

Pankras alikuwa muuzaji wa dizeli pale ufukweni, naye alikuwa na boti lake la abiria. Tangu parokia ianze kubeba wagonjwa, wateja wake walipungua, na kijiji kizima kilijua kwamba jambo hilo halikumfurahisha.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Dizeli ya boti la parokia ulitoa wapi?"

"Kitai, kama siku zote. Pipa zima, halijafunguliwa."

"Wanasema unachanganya maji."

"Wanasema pia nimeoa jini la ziwani. Nina mke mmoja tu, na yeye peke yake ananishinda."

Valentino alikohoa ndani ya kiganja. Gertruda hakucheka.

"Boti lako linakunywa dizeli ipi?"

"Ya pipa hilohilo. Jana nimeshinda nayo ziwani namtafuta yule mtoto wa watu. Ingekuwa mbaya, mngekuwa mnanitafuta na mimi."

Gertruda alichukua chupa aliyoiweka dirishani tangu jana, aliyoijaza kutoka kwenye pipa hilo mbele ya mashahidi. Aliiinua kwenye mwanga. Dizeli ilikuwa angavu kama chai ya rangi, na chini ya chupa hapakuwa na tone la maji wala punje ya tope.

"Leo mbona hukwenda kutafuta?"

"Umeniita."

"Basi nenda, baba. Nenda."

Pankras alisimama. Mlangoni akageuka, akashika kofia yake kwa mikono miwili. "Norbert hajala tangu jana, afande. Mke wangu alimletea ugali, vijana wako wakaukataa."

"Mwambie alete tena. Nitawaambia waupokee."

Alipoondoka, Gertruda alivuta kiti mezani. Dhana ya dizeli mbovu ilikuwa imekwisha. Alivaa glovu, akatoa karatasi ya filta ya kwanza. Ilikuwa nyeusi tii, mikunjo yake imejaa tope na ukoga wa tangi.

"Hii ndiyo iliyoua injini," alisema Valentino.

"Hii ilifanya kazi yake. Uchafu wote ule ilikuwa inauzuia usifike kwenye injini. Blasius alisemaje pale zahanati?"

Valentino alikumbuka bila shida. "Kwamba mawimbi yalipokuwa makubwa injini ilianza kukohoa. Akajua filta imeziba, akageuza koki kwenda filta ya pili. Injini ikapata nguvu kidogo, halafu ikazima moja kwa moja."

"Kwa hiyo ya kwanza iliziba kwa kazi. Tuone ya pili."

Alifungua kikombe chenye uzi mwekundu. Karatasi ilitoka nyeupe. Lakini mikunjo iliyopaswa kusimama imara ilikuwa imevimba na kugandana, kama kurasa za kitabu cha nyimbo kilichonyeshewa. Gertruda alimimina yaliyomo ndani ya bakuli la kioo kwenye chupa safi. Dizeli ilielea juu. Chini yake yalitulia maji meupe kama maziwa.

"Maji ya ziwa yameingia," alisema Valentino.

"Kikombe kilikuwa kimekazwa, umekifungua mwenyewe kwa spana. Na tazama."

Alitikisa chupa. Povu likapanda, likakaa.

"Sabuni," alisema Valentino polepole.

Gertruda alipanua mkunjo mmoja kwa ncha ya kisu. Ndani kulikuwa na chembe nyeupe ndogondogo, laini kuliko mchanga. Akazikusanya kwenye kipande cha karatasi.

"Afande, ngoja." Valentino alifungua sanduku la huduma ya kwanza, akatoa kichupa cha iodini ya kupaka vidonda. "Sekondari tulikuwa tunapima viazi na mihogo kwa hii."

Alidondoshea tone moja. Chembe zilibadilika zikawa za buluu inayokaribia weusi.

"Wanga," alisema.

"Muhogo," alisema Gertruda. "Mtu ameiosha karatasi hii kwa sabuni, kisha akaianika kwenye uchanja wa makopa. Sasa niambie, baba. Mtu anayetaka kuharibu filta huitoboa, au huitia mchanga. Yupi huyo anayeharibu kitu, halafu anakitafutia jua kikauke?"

Valentino alifunga kichupa cha iodini. Gertruda alimwagiza amlete fundi.

Norbert aliingia na pingu mkononi. Alikuwa mtu wa Litumbandyosi, aliyeteremka ziwani kutafuta kazi ya ufundi. Aliamkia kwanza kabla ya kukaa, na Gertruda akaagiza afunguliwe pingu.

"Nieleze kwa nini uliweka filta mbili," alisema. "Nasikia Blasius alitaka moja."

"Alisema lori la mahindi linakwenda Songea na kurudi kwa filta moja." Kwa mara ya kwanza uso wa Norbert ulipata uhai. "Lakini boti la tanga si lori, mama. Lori likizima, unashuka unakaa kando ya barabara. Boti la tanga unaliwashia injini siku ile tanga limeshindwa. Na siku hiyo ndiyo mawimbi yanatikisa tangi, tope lote la chini linapanda. Filta inaziba siku unayoihitaji kuliko siku zote."

"Kwa hiyo mbili."

"Mbili sambamba, koki katikati. Moja ikiziba unageuza koki, safari inaendelea. Na chini ya kila moja bakuli la kioo, ili maji yakiingia uyaone kwa macho. Padri alikubali. Blasius alinuna mwezi mzima."

"Ukamwambia injini itamzimia katikati ya ziwa, ndipo atakapokukumbuka."

"Nilisema. Nilikuwa naogopa afe. Sikuwa namtakia."

"Karatasi ya filta ya pili uliifunga lini?"

"Jioni ya mazishi ya bibi yule, mama yake Mama Lusia. Boti ndilo lililoleta maiti kutoka Lituhi. Asubuhi yake nilikuwa nimetoa karatasi mpya kwenye boksi, nimeiweka juu ya mfuniko wa injini. Wakaja kuniita nikasaidie kuchimba kaburi. Niliacha kila kitu nikaenda. Jioni nikarudi nikaikuta palepale, nikaifunga haraka, giza lilikuwa linaingia."

"Palepale?"

"Palepale, na kitambaa changu kimekunjwa pembeni yake."

"Wewe hukunja kitambaa chako?"

Norbert alitaka kucheka, akaacha. Gertruda alimsogezea karatasi iliyovimba, kisha akaitikisa chupa mbele yake. Fundi alitazama povu. Akaziona chembe za buluu. Akanyanyua macho kwenye dirisha, ambako sauti ya Mama Lusia ilikuwa inamjibu mtu aliyemwomba arudi nyumbani akapumzike: siondoki mpaka nione anapakiwa kwenye gari.

Mikono ya Norbert ilishuka mapajani.

"Nimeiosha mimi," alisema.

"Karatasi mpya, ya kutoka kwenye boksi?"

"Ilianguka mchangani."

"Ukaianika wapi?"

"Juu ya boti."

"Kwenye boti kuna makopa?"

Norbert alirudisha macho dirishani.

"Norbert, shtaka ni la mauaji. Unajua adhabu yake?"

"Naijua, mama."

"Nani alikunja kitambaa chako?"

"Andika ni mimi." Alisukuma karatasi ile kando. "Wengine wamekwisha kupoteza vya kutosha."

Gertruda alimrudisha mahabusu, safari hii bila pingu. Kisha akamgeukia Valentino, ambaye alizaliwa hukuhuku ufukweni.

"Kwenu huku, boti likibeba maiti, linarudishwaje kwa mwenyewe?"

"Linaoshwa, afande. Kila kitu kilichosafiri na maiti kinaoshwa, mpaka kata ya kuchotea maji. Ukimrudishia mtu chombo chake hivihivi, ni kama umemwachia msiba wako."

"Anaosha nani?"

"Wanawake wa wafiwa. Anayetangulia ni binti mkubwa wa marehemu." Alipokwisha kusema hivyo, Valentino alikaa chini bila kuambiwa.

Gertruda alichukua daftari, akatoka nje. Alipita katikati ya watu akachuchumaa mbele ya kigoda.

"Mama Lusia, naomba unikaribishe kwako."

"Yule fundi unamwachia nani?"

"Hatoki. Nakuahidi."

Nyumba haikuwa mbali. Wanawake walikuwa wamefagia uwanja na kujaza mitungi maji, na mmoja wao alimsogezea Gertruda kiti, kisha wote wakatoweka nyuma ya nyumba kwa adabu. Kando ya ukuta ulisimama uchanja mpana wa mianzi, na juu yake makopa meupe yalikuwa yanakauka. Lusia alimletea mgeni maji ya kunywa kwanza. Ndipo akakaa.

"Niambie mlivyoliosha boti siku ya mazishi," alisema Gertruda.

"Hilo linahusu nini?"

"Nieleze tu, dada."

Lusia alishusha pumzi. "Wifi yangu Devotha nilimwachia kamba na tanga. Mle ndani niliingia mwenyewe, maana ni mama yangu aliyelala mle. Nilisugua mbao. Nikaosha ndoo, nikaosha kata. Wakati ule sijajua fundi ni mtu wa namna gani. Nilikuwa namwona mtu mwema, ameacha kazi yake kwenda kumchimbia kaburi mama yangu, wala si ndugu yetu. Nikakiona kitambaa chake kimejaa oili, nikakifua. Na kile kitu chake cha karatasi, kina mikunjo kama marinda ya sketi ya shule. Nilidhani kitachanika. Nikakiosha polepole kwa sabuni ya unga, nikakianika hapo." Alionyesha uchanja kwa kidevu. "Kilipokauka kwa juu nikarudisha vyote mahali pake. Nilitaka akirudi ajue kuna mtu amemshukuru."

Kalamu ya Gertruda ilikuwa imesimama.

"Mbona huandiki?"

Gertruda alifunga daftari. Katika miaka yake yote ya kazi alikuwa amepeleka habari mbaya kwenye nyumba nyingi, na hakuwahi kupata njia nzuri ya kuzisema.

"Mama Lusia, ile karatasi haioshwi. Ikilowa inavimba, haipitishi tena mafuta, na maji ya sabuni yanabaki ndani. Ilikuwa ya akiba. Filta ya kwanza ilipoziba, Blasius aliigeukia hiyo, injini ikazima."

Kuku alirukia uchanja akaanza kudonoa makopa. Lusia alimtazama, hakumfukuza.

"Sema tena."

Gertruda alisema tena, kwa maneno yaleyale.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Kulikuwa na mwera, dada. Kulikuwa na miamba."

"Usinibembeleze." Lusia aliuvuta upindo wa khanga akauziba mdomo wake, akakaa hivyo huku mabega yanapanda na kushuka bila sauti. Alipoutoa, aliuliza, "Norbert anajua?"

"Amejua asubuhi hii, nilipomwonyesha."

"Amesema nini?"

"Amesema ameosha yeye."

Lusia alitazama njia ya kwenda ziwani. "Baba wa yule mtoto aliye tumboni yuko kwenye boti la Pankras. Anatafuta. Nikikaa kimya, itakuwaje?"

"Mimi nitaandika nilichosikia hapa. Lakini wakubwa wangu watakuwa na mtu aliyekiri, na kesho gari linafika mapema. Na leo usiku wale watu bado watakuwepo."

"Na nikisema?"

"Watajua wote. Na baba wa mtoto atajua."

"Watanifunga?"

"Sioni sheria ya kumfunga mtu kwa hilo. Nitasimama na wewe mbele ya mkuu wangu."

"Afadhali ingekuwepo," alisema Lusia.

Hatimaye Lusia aliinuka, akafunga khanga yake kiunoni vizuri, akatangulia mbele.

Pale kituoni watu walimpisha. Hakukikalia kigoda. Alipanda kwenye baraza akageuka kuwatazama, na Devotha, aliyekuwa mstari wa mbele, alimwona uso akaanza kumsogelea.

"Kile kifaa cha injini nilikiosha mimi," alisema Lusia. "Tulipoosha boti la msiba. Nilikiosha kwa sabuni nikakianika kwangu, nikamrudishia fundi bila yeye kujua. Ndicho kilichozimisha injini. Yule kijana hana kosa. Mliokuja kwa ajili ya mwanangu, nendeni ziwani mkasaidie kutafuta."

Hakuna aliyeondoka mara moja. Mzee mmoja alivua kofia. Mwanamume aliyekuwa na rungu mkononi alilitazama kana kwamba hajui limefikaje pale, akaliegemeza ukutani. Devotha alipanda barazani akamshika wifi yake kiuno. "Na mimi nilikuwepo," alisema. "Nilikiona kikiwa kimeanikwa. Hata mimi ningekiosha."

Ndani, Gertruda alipiga simu Mbinga. Alieleza povu, chembe za muhogo na maneno ya mashahidi wawili. Mkuu wake alisikiliza mpaka mwisho.

"Na huyo mama?"

"Ni mfiwa, mkuu. Nitaleta maelezo yake mwenyewe, pamoja na filta. Gari msilitume."

Valentino alifungua mlango wa mahabusu. Norbert alikuwa amesimama nyuma ya nondo tangu aliposikia sauti barazani. Alimwona Lusia akiingia ameshikwa na Devotha, akatikisa kichwa.

"Mama, nilishasema ni mimi."

"Nyamaza." Lusia alijishika kwenye fremu ya mlango. "Mimi nilikuwa nakaa pale nje naomba unyongwe. Na wewe humu ndani ulikuwa unanificha."

"Ulikuwa unamlilia Edina."

"Nieleze, mwanangu. Mwenzako sikujua. Ningetakiwa nifanye nini na kile kitu?"

Norbert alifungua mdomo. Angeweza kumweleza yote, kwamba karatasi ile hutumika mara moja ikatupwa, kwamba haigusi maji hata tone. Alimtazama yule mama, mikono yake iliyochubuka kwa kusugua mbao.

"Kitambaa changu hakijawahi kuwa safi vile," alisema. "Nilikinusa, nikajiuliza ni nani huku ananijali."

Lusia aliiachia fremu, na Norbert akamdaka kabla hajafika chini.